Inapoishia Adhana

Najma binti Mtoro alikuwa mtu wa maneno machache hivi kwamba katika ofisi ya kata, alikofanya kazi ya afisa maendeleo ya jamii, wenzake walimzoea kama watu wanavyoizoea saa ya ukutani: ipo, inafanya kazi, haisumbui mtu. Vikaoni alikaa karibu na mlango. Akiulizwa jambo alijibu kwa sauti ya chini huku akitazama ncha za mtandio wake, na alichokisema ndicho kilichokuwa. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Kata yao, kaskazini ya mji wa Bagamoyo, ina vijiji viwili vinavyopakana pwani, Mtangani na Vikokoni. Katikati yake kipo kitongoji cha Shungi: nyumba chache za makuti, minazi iliyozeeka, kisima kimoja, na makaburi juu ya kilima cha mchanga kinachotazama bahari. Ramani ya wilaya inasema mpaka wa vijiji hivyo ni mkondo wa maji ya chumvi unaoingia nchi kavu kutoka baharini. Ila mkondo ulihama. Mikoko ilipokatwa, bahari ilijipasulia njia nyingine, mkondo wa zamani ukajaa mchanga hadi watoto wakachezea mpira juu yake, na watu wa Shungi wakawa hawajui tena ni wa kijiji gani.

Kwa muda hakuna aliyejali. Mke alijiandikisha kupiga kura Mtangani, mume akachukua kitambulisho Vikokoni, na usiku wakalala kitanda kimoja. Kisha akaja mtu anayetafuta eneo la mabwawa ya chumvi. Serikali ya kijiji cha Vikokoni ikamkubalia pwani yake yote, naye akaahidi kuwajengea zahanati. Hapo ndipo swali la mpaka lilipoota meno. Kama Shungi ni ya Vikokoni, kilima kitasawazishwa, mifupa itahamishwa "kwa heshima zote", na maji ya chumvi yatakaa mahali pake. Kama ni ya Mtangani, makaburi yatabaki.

Na katika makaburi hayo, safu ya mwisho upande wa baharini, alilala baba yake Najma.

Wazee wa pande zote mbili walikuwa na mpaka wao tangu kabla ya ramani. Walisema Mtangani inaishia inapoishia adhana. Anayemsikia mwadhini wa Mtangani kwa masikio yake ni jamaa wa Mtangani: atazikwa nao, atachangia harusi zao, atagombana nao. Asiyemsikia ana wenyewe. Mkondo ulikuja kuwekwa kwenye ramani baadaye, kwa sababu tu ulipita karibu na hapo sauti ilipochoka. Sasa mkondo ulikuwa haupo, na Twalib, afisa ardhi kijana aliyetoka wilayani, alikubali kwamba ikiwa vijiji vyote viwili vinaridhia kanuni ya zamani, yeye ataandika kitakachopatikana.

"Basi tuwashe kipaza sauti," alisema Mosi, mjumbe wa Mtangani, katika kikao cha makubaliano. Mosi alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiyeweza kukaa kimya mahali penye watu.

"Kipaza sauti chenu kile?" akajibu Mzee Abdullatif, mwenyekiti wa Vikokoni. "Kikiwashwa hicho hata Msata, kule bara, itakuwa kitongoji cha Mtangani."

Watu walicheka. Ikakubaliwa kwamba mwadhini wa sasa, Adamu, ataadhini adhuhuri kwa koo lake tupu, kutoka msikiti mpya ulio barabarani, maji yakiwa yamekupwa ili mawimbi yasizibe masikio. Makaburini watasimama wasikilizaji watatu: Mosi wa Mtangani, Abdullatif wa Vikokoni, na mmoja wa katikati atakayeamua.

"Najma," akasema Abdullatif.

"Baba yake si kazikwa pale?" mtu mmoja akapinga.

"Najua. Na baba yake ndiye aliyekuwa mwadhini. Mtoto wa Mtoro hawezi kudanganya juu ya adhana. Mimi namridhia."

Najma alitaka kusema hapana. Mdomo ulifunguka, lakini kikao kilikuwa kimeshahamia kwenye habari za choo cha shule.

*

Siku moja kabla ya usikilizaji alikwenda Shungi kuwaarifu wenyeji. Alimaliza nyumba zote upesi, akabakiza ya Bi Mwanamvua, shangazi ya baba yake, ambaye nyumba yake ndiyo iliyo karibu zaidi na makaburi. Alimkuta barazani akisuka ukili wa mkeka, miguu ameinyosha mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko ofisini hawakupi chakula, wanakupa karatasi tu?"

Najma alitabasamu, akakaa mkekani, akaeleza alichokuja nacho. Bi Mwanamvua alisikiliza bila kuacha kusuka.

"Ati waje kusikiliza kama adhana inafika hapa?"

"Ndiyo, bibi."

"Si inafika."

"Ya msikiti mpya? Bila kipaza sauti?"

"Ya msikiti mpya siijui mimi. Nakwambia adhana." Alinyoosha kidevu kuelekea baharini.

Najma aligeuka kutazama. Upande ule, ng'ambo ya ghuba ndogo ya matope, ndipo ulipokuwa msikiti wa zamani wa Mtangani. Bahari iliukaribia mwaka hadi mwaka, ikala ngazi, ikala birika la kutawadhia, mwisho watu wakajenga mwingine mbali barabarani. Mtoro hakuhama. Aliendelea kwenda kuadhini pale peke yake, bila paa na bila jamaa nyuma yake, mpaka kifua kilipomlaza. Baada ya kifo chake ukuta wa mwisho nao ulianguka. Sasa palikuwa na maji matupu, na maji yakikupwa, tope.

"Baba yako hajaacha kazi," alisema Bi Mwanamvua, kama mtu anayesema kwamba kisima kina maji. "Mimi kwa muda wa swala sina haja ya saa. Na bado anapumzika palepale."

Hakuna aliyehitaji kumweleza Najma ni wapi. Katika miaka yake ya mwisho Mtoro hakuweza kumaliza adhana kwa pumzi zake. Akifika pale anapowaita watu kwenye swala, alisema mara moja, kisha alikaa kimya muda mrefu, kama mtu anayepumzika katikati ya ngazi na mzigo kichwani, ndipo aseme mara ya pili. Watoto wa mtaa walikuwa wakimmalizia kwa kicheko. Najma, mdogo, akiwa dirishani kwao, alikuwa akizuia pumzi yake mwenyewe mpaka baba apate ya kwake.

"Bibi, usiniambie hivyo. Kesho nina kazi."

"Sikuambii ili uogope. Adhana ni mwito wa wote, aisikie anayeisikia." Hapo mikono ya bibi ilisimama. "Ila kuna siku huwa anakimu vilevile. Ule mwito mfupi wa mwisho, wa watu kujipanga safu. Marehemu Dija, jirani yangu, alitoka kwake akasema, mbona leo wanakimu mapema? Mimi sikusikia kitu. Hakuiona Ijumaa. Basi wewe omba, mwanangu. Ukiisikia adhana, itikia uende zako. Ikama isikufikie."

*

Kesho yake jua lilikuwa la utosi, lile linalomeza vivuli na kuwafanya watu wa pwani wajifungie ndani. Bahari ilikuwa imekupwa mbali mno. Tope la ghuba lilimetameta kama mgongo wa samaki, na hapakuwa na ndege hata mmoja juu yake. Twalib aliliacha gari chini ya kilima, mahali pekee palipokuwa na mtandao, awasiliane na mwenzake aliyekuwa msikitini kwa Adamu. Wasikilizaji watatu walipanda juu, wakavua viatu kwenye ukingo wa makaburi, wakaingia.

"Msimame mbalimbali, msipigane viwiko!" Twalib alipiga kelele kutoka chini. "Dada Najma, freshi?"

Najma aliinua mkono. Alisimama kwenye safu ya mwisho, karibu na jiwe la kichwani mwa baba yake. Alikuwa amejiapiza kwamba hatalitazama, na hakulitazama. Moyoni alikuwa akimwomba Mungu jambo moja, kwamba sauti ya Adamu ifike. Alilirudia mpaka likachakaa.

"Nimesikia!" Mosi aliruka. "Adamu huyo! Sauti kama asali!"

"Mosi," alisema Abdullatif, "hata jua halijapinduka."

"Ah. Basi alikuwa anajaribu koo."

"Alikuwa ng'ombe."

Mosi akacheka mwenyewe, akajifuta jasho. Abdullatif hakucheka. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye kofia safi ya viua na macho ya mtu asiyelala vizuri. Alimsogelea Najma kidogo, akasema taratibu:

"Mwanangu, usinione adui. Najua kilichoko hapa chini. Lakini binti yangu Naila alijifungulia njiani tukimkimbiza Bagamoyo, nyuma ya pikipiki, kwenye mvua. Mtoto hakulia. Mimi nataka zahanati. Ningeipata bila chumvi, ningeipata."

Najma alijibu, "Najua, mzee," na kweli alijua. Hilo ndilo lililokuwa zito.

Wakanyamaza. Joto lilikuwa na mlio wake, mwembamba, ndani ya sikio. Kisha mlio ule ukakoma. Minazi ilikuwa imetulia tangu mwanzo, lakini sasa ilitulia namna nyingine, kama watu waliokatishwa mazungumzo. Mbuzi wa Bi Mwanamvua, waliokuwa wakila majani chini ya kilima, waliinua vichwa kwa pamoja wakatazama baharini.

Adhana ikaanza.

Haikutoka barabarani. Ilitoka ng'ambo ya tope, ikiwa ya chini na ya mbali lakini safi, kila neno na mzunguko wake, kama inavyosikika sauti inayopita juu ya maji. Ila maji hayakuwapo. Najma alishika kitambaa cha gauni lake kwa mikono miwili. Kule chini alimwona Bi Mwanamvua akitoka, akatandika mkeka uani, akakaa kusubiri.

Sauti ilifika kwenye kuwaita watu kwenye swala. Ikaita mara moja.

Kisha kimya.

Najma alizuia pumzi. Hakukusudia, kifua chenyewe kilikumbuka. Alikaa hivyo, macho yakimjaa machozi, muda ukivutika, mpaka akadhani amechanganyikiwa na kwamba hakuna kitu. Ndipo ikaita mara ya pili, na wote wawili wakapata pumzi.

Alipopangusa macho alimwona Abdullatif. Mzee alikuwa amesimama wima, mikono kando, akitazama mbele. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Ikitulia sauti, midomo inatembea, ikirudi, inatulia. Anaitikia, Najma aliwaza. Kila aliyelelewa pwani ile humwitikia mwadhini bila hata kujua, kama mtu anavyopangusa mchanga mguuni kabla ya kupanda kitandani. Na Najma alimsikia waziwazi akisema, "La haula wala kuwata ila billahi." Maneno hayo hayawi jibu ila pale mwadhini anapowaita watu. Akayarudia tena, mahali pake hasa.

Adhana iliisha. Abdullatif aliinua viganja, akanong'ona dua, akajipaka usoni.

Mosi alikuwa akijikuna mguu. "Sisimizi wa hapa wana roho mbaya. Jamani, huyu Adamu kalala?"

"Mimi sijasikia kitu," alisema Abdullatif haraka mno, kabla hajaulizwa.

Kutoka chini, Twalib alipaza sauti, simu sikioni. "Wazee, mtuwie radhi! Adamu alichelewa, ndiyo kwanza anamaliza kutawadha! Hajaadhini bado. Anaanza sasa hivi, tulieni!"

Uso wa Abdullatif uligeuka rangi, ukawa kama unga wa muhogo. Najma alimtazama, naye akamtazama Najma, wakatazamana kama watu waliokutana mahali ambapo kila mmoja hakutaka aonekane.

Walisikiliza tena. Mlio wa joto ulikuwa umerudi. Upepo ulipita minazini. Mbali kabisa lori lilibadilisha gia. Najma alitega masikio yote aliyokuwa nayo kuelekea barabarani, akamtafuta Adamu, akamtafuta kwa roho yake yote. Hapakuwa na kitu.

"Kamaliza!" Twalib alisema, akipanda kilima sasa, kalamu mkononi. "Haya, tuanze. Mtangani?"

"Nimesikia," alisema Mosi. Hata yeye mwenyewe hakuonekana kujiamini.

"Vikokoni?"

Abdullatif alitikisa kichwa.

"Dada Najma. Wewe ndiye mwamuzi. Umesikia?"

Neno moja lingetosha. Angesema ndiyo, na lisingekuwa uongo. Alikuwa amesikia adhana, mahali hapa, kwa masikio yake. Nyuma ya kisigino chake aliuhisi ubaridi wa lile jiwe ambalo hakuwa amelitazama. Lakini alijua anaulizwa nini, na alijua mtu aliyemfundisha kusema kweli amelala wapi.

"Ya Adamu," alisema, "sikuisikia."

Mosi aligeuka kama aliyepigwa kofi. "Najma! Baba yako..."

"Sikuisikia, Mjumbe. Haifiki hapa."

Twalib alishusha pumzi. "Basi. Pole, dada. Shungi inakuwa ya..."

"Ngoja," alisema Abdullatif.

Alikuwa amevua kofia. Upara wake ulikuwa umelowa jasho. "Kijana, soma tena tulichokubaliana. Mtangani inaishia wapi?"

"Inapoishia adhana ya mwadhini wa Mtangani."

"Mwadhini yupi?"

"Si Adamu, mzee. Yupi mwingine?"

Abdullatif alimtazama Najma. "Mwambie wewe."

"Siwezi, mzee," alisema Najma polepole. "Mimi ni binti yake. Lakini wewe uliitikia. Nilikuona. Uliitikia kabla Adamu hajaanza, na ukajipaka dua."

Mosi alitazama bahari tupu, akaacha kujikuna.

"Nimesikia," alisema Abdullatif. "Mtoro ameadhini, na nimemsikia, na nikakana nikiwa na viganja vyangu bado usoni. Nilisali nyuma yake tangu ndevu zangu nyeusi, ningeacha vipi kumjua? Hata pumziko lake. Andika Mtangani. Andika mwenyekiti wa Vikokoni mwenyewe amekubali mpaka, makaburi ni ya Mtangani, hakuna wa kuyagusa. Sababu usiandike. Watatucheka wilayani."

Twalib aliwatazama mmoja mmoja, akatafuta utani usoni mwao, hakuupata. Akaandika. Abdullatif akaweka saini yake, na Mosi akaweka yake bila neno, jambo ambalo watu wa Mtangani hawakuamini waliposimuliwa.

"Habari ya zahanati," Najma alimwambia mzee, "nitaibeba mimi. Nitaisema kwenye kikao cha kata. Nitasema mpaka wanichoke."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akishukuru. Twalib na Mosi walitangulia kwenye gari. Najma aliinama kidogo, sasa akalitazama lile jiwe, akaondoa jani kavu lililokuwa juu yake. Alipoinuka, Abdullatif hakuwa akielekea kwenye viatu. Alikuwa amevaa kofia yake tena, ameinyoosha vizuri, ameelekea baharini, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza.

"Hawa nao," alisema kwa mshangao mdogo, "mbona wanakimu mapema?"

Najma hakusikia kitu. Upepo tu, na mbuzi.

Mzee alisogea hatua, akasogea nyingine, akapanga visigino vyake kwenye mchanga kwa uangalifu, sawasawa, kama afanyavyo mtu anayejiunga na safu. Kushoto kwake hapakuwa na mtu, wala kulia kwake. Hata hivyo alijibana bega, akimpa mwenziwe nafasi.

Ndipo Najma, ambaye hakuwahi kuinua sauti yake mbele ya mtu yeyote, alimshika mzee mkono wa kanzu kwa mikono miwili, akaelekeza uso ng'ambo ya tope, na akapaza sauti mpaka Twalib akageuka kule chini na Bi Mwanamvua akainuka mkekani.

"Baba! Mpaka umeupata! Ameshasema kweli, baba. Huyu mwache!"

Tope lilimetameta. Mbali sana, mstari mweupe wa maji ulikuwa umeanza kurudi.

Abdullatif alipepesa macho. Aliitazama miguu yake iliyojipanga, akaitazama mikono ya Najma kwenye kanzu yake. Najma alimwongoza hadi kwenye viatu, akamvalisha kimoja kimoja kama anavyovalishwa mtoto, wakateremka kilima wameshikana.

Garini Mosi aliketi mbele na Twalib, mzee na Najma nyuma. Walipofika kwenye lami, msikiti mpya ukionekana kwa mbali na watu wakitoka swalani, mzee aliinama sikioni mwa Najma.

"Mwanangu. Alikujibu?"

Najma alitazama nje ya dirisha, maana kusema uongo hakujua.

"Bado, mzee."